Mrija Juu ya Kabati

Maabara hufungwa mwisho wa wiki, kwa hiyo Ijumaa fundi udongo alibeba kipimo chake nyumbani: silinda ya chuma yenye udongo ulioshindiliwa kwa nyundo, na juu yake mrija wa kioo uliojaa maji. Kazi yenyewe ni kuvizia. Maji yanapenya kwenye udongo, yanashuka kwenye mrija, naye anaandika yameshuka kiasi gani. Yakishuka upesi, udongo haufai kutandikwa chini ya bwawa la majitaka. Alikiweka juu ya kabati la sebuleni, mbele ya mama mkwe aliyekuja kuwatembelea.

Jumamosi kutwa nzima maji yalibaki palepale kwenye alama ya juu. Fundi alikuna kichwa. Miaka kumi na miwili kazini, hajawahi kuona udongo mkaidi namna ile. Jumapili asubuhi alimfuata mkewe jikoni.

"Kile kipimo, kuna mtu anakigusa?"

"Mimi nina kazi zangu."

"Sikusemi wewe."

Mkewe akaweka mwiko chini. "Mama yangu humuulizi swali hilo."

Wala asingethubutu, mkwe ni mkwe. Badala yake alijibanza nyuma ya pazia la sebuleni, mtu mzima na kitambi chake. Haukupita muda, mama mkwe akaingia na birika, akapanda kigoda, akajaza mrija mpaka kwenye alama, kisha akaupangusa kwa pindo la nguo yake.

"Toka huko, baba, utakosa hewa," alisema bila kugeuka.

Fundi akatoka, macho chini. "Mama, hayo maji..."

"Yalikuwa yanapungua. Nikajua chombo cha mkwe wangu kinavuja, na Jumatatu wakubwa watamgombeza. Nimekusitiri."

Fundi alimhurumia, akajihurumia na yeye. Angeweza kunyamaza, ripoti ikatoka safi na mhandisi akafurahi. Lakini tangu Ijumaa alijua bwawa litachimbwa wapi, na alikuwa hajamwambia mama mkwe.

"Mama, bwawa lenyewe litachimbwa kule kwako, upande wa juu wa kisima chako. Hatua sitini tu."

"Bwawa la nini?"

"La vyoo, mama. Vya mji mzima."

Mama mkwe alishuka kwenye kigoda polepole, akakikalia.

"Na huu udongo ndio wa kuyazuia hayo majitaka?"

"Ndio huu."

"Anza upya. Nipe kalamu."

Hakubanduka pale. Chakula aliletewa, na mjukuu aliyesogelea kabati alifukuzwa kama kuku.

Jumatatu mhandisi alipokea karatasi ya vipimo. Maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima, kwa hiyo udongo ulikuwa umekataliwa. Alipofika kwenye nafasi ya maelezo alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kwa mwandiko mkubwa uliolala upande, paliandikwa: "Yameshuka. Nimeyaona kwa macho yangu. Safari hii sijayagusa. Ni mimi, mwenye kisima."