Ufa Usiozibwa

Habari ya ule ukuta Ijja hakuambiwa na mtu; aliukuta umesimama. Alikuwa amepanda kutoka mjini na gari la ofisi kwa ukaguzi wa mwisho, akijua kilichobaki ni kazi ndogo tu: azunguke zahanati, atie sahihi, na Alhamisi wakubwa waje wakate utepe kabla theluji haijaifunga njia. Watu wa kijiji cha Tinuzal walikuwa wameingoja zahanati hiyo tangu tetemeko lilipoiangusha ile ya zamani. Msimu wa baridi uliopita, mwanamke mmoja mwenye uchungu alipandishwa juu ya nyumbu apelekwe hospitali ya bondeni, na alirudishwa maiti, yeye na mwanawe.

Zahanati yenyewe haikujengwa pale. Ilitoka kiwandani vyumba vizima vizima, na madirisha yake na taa zake, ikabebwa na malori yaliyopanda kona za mlima kwa kunung'unika, ikateremshwa na winchi juu ya misingi ya zege. Wazee walikuja kutazama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nyumba iliyokuja na gari, walisema, itaondoka na gari. Ijja aliwaacha wacheke. Yeye ndiye aliyesimamia misingi, akakagua kila boliti, akapima milango kama machela inapita, na njia ya viti vya magurudumu akaikataa mara mbili mpaka mkandarasi akamchukia waziwazi. Kwenye mambo ya viwango hakuwa na urafiki na mtu, na kusema kweli hata nje ya viwango hakuwa nao wengi.

Vyumba vilipangwa mafungu mawili. Upande mmoja kulikuwa na chumba cha kujifungulia, na juu yake tangi la maji. Upande wa pili kulikuwa na chumba cha kungojea na cha dawa. Kati ya mafungu hayo kuliachwa nafasi ya shibiri moja, kutoka chini mpaka paani, ikafunikwa kwa ukanda wa mpira. Sasa mpira umeng'olewa, na mahali pa nafasi pana mawe.

Na mawe yenyewe yamepangwa! Hilo ndilo lililomuuma. Yamelazwa moja juu ya jingine, vipande vidogo vimepachikwa kati hata ncha ya kisu haipiti, na juu yake lipu ya udongo na makapi ya shayiri iliyosuguliwa kwa kiganja mpaka ikang'aa. Katika bonde lote fundi mwashi wa namna hiyo alikuwa mmoja, naye ni mjomba wake Bihi, kaka wa mama yake.

"Umeona?" Mzee Abella, mkuu wa kijiji, alikuwa amemfuata nyuma akitabasamu mpaka masikioni. "Tuliitana tiwizi. Kijiji kizima, wake kwa waume. Wengine mawe, wengine maji, wengine uji wa shayiri. Hatukutaka msaada wa mtu. Serikali imetuletea nyumba, sisi nasi tumeikamilisha."

"Nani aliwaambia haijakamilika?"

"Macho yetu! Nyumba ina ufa mkubwa hivi, upepo unapiga mluzi, nyoka anapita bila hodi. Mkunga Mamas mwenyewe alilalamika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bi Mhandisi. Au huko chuoni hamkufundishwa?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, kila mmoja akitaka kusifiwa kwa jiwe lake. Ijja akaona hakuna njia nzuri ya kulisema, basi akalisema kwa njia mbaya.

"Huu ukuta lazima uvunjwe. Usipovunjwa sitii sahihi, na nisipotia sahihi zahanati haifunguliwi."

Walimtazama kama watu waliomkaribisha mgeni chakula akakitema mbele yao. Kisha wote wakasema kwa pamoja.

"Kanuni inasema majengo mawili..." Ijja akaanza.

"Kanuni!" akadakia Mamas, mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mbuzi. "Hiyo kanuni ilikuwa wapi siku tunachimbua watu kwa mikono? Nimezalisha wanawake ndani ya hema, baridi inawakata kuliko uchungu wenyewe. Leo nimepata chumba kisichopitisha upepo, unakuja na kanuni yako?"

"Mwacheni," akasema Kabira, mke wa mfuga nyuki, tumbo limemtangulia hatua nzima. "Mimi nitamfunga huyu mtoto kamba, nimwambie, subiri mwanangu, Bi Ijja hajapenda rangi ya mawe."

Watu wakacheka, lakini Kabira mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameushika mgongo kwa mikono miwili akimtazama Ijja usoni, na Ijja akaangalia pembeni. Ufunguzi ukiahirishwa, theluji itatangulia; theluji ikitangulia, Kabira atapanda nyumbu. Hakuna aliyehitaji kulitamka.

"Kuvunja si kazi kubwa," akamwambia Abella kwa sauti ya chini. "Mkiitana leo, kesho nafasi iko wazi, narudisha mpira, Alhamisi mnafungua."

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesahau jina la baba yake.

"Binti wa Mama Fadma, umekaa sana mjini. Kazi ya tiwizi inavunjwa na mtu? Mkono uliotangulia kuweka ndio unaotangulia kutoa. Aliyeweka jiwe la kwanza ni Bihi. Mwenyewe asipolitoa, hapa hagusi mtu, wala mimi sigusi, hata waje na askari. Nenda kamwambie mjomba wako."

Hilo hasa ndilo alilokuwa akiliogopa tangu alipouona ukuta.

Kabla ya tetemeko, Bihi alikuwa na nyumba ya ghorofa, na kando yake ilikuwa nyumba fupi ya kaka yake, kichochoro katikati. Mkewe Tlaitmas alikuwa na kifua kibaya, na upepo wa kichochoro ulikuwa unaingia moja kwa moja mahali pake pa kupikia. Basi Bihi, kwa kumpenda, alikijaza kichochoro. Alikiezeka, akakiziba mbele na nyuma kwa mawe mazuri kuliko yote aliyowahi kupanga, akamfanyia jiko la joto. Kijiji kizima kilikwenda kulitazama jiko lile, na wanawake wakawasimanga waume zao kwa mwezi mzima. Ardhi ilipotikisika, Tlaitmas alikuwa jikoni akifunika unga ulioumuka. Nyumba ya ghorofa ilipasuka lakini ikabaki imesimama. Ya kaka ilipoteza paa tu. Jiko lilibanwa katikati kama njugu kwenye meno.

Ijja alikuja na kundi la wapimaji baada ya mazishi, akapima nyumba zile mbili, akaelewa kila kitu. Mjomba wake alimsubiri amalize, akamwuliza swali moja tu: kwa nini jiko, lililokuwa jipya na imara kuliko vyote? Ijja akamjibu kwamba ni kudra ya Mungu. Bihi akaitikia kwa kichwa, na hajauliza tena.

Sasa Ijja alimkuta uani, mbele ya chumba cha mabati alichokuwa akiishi peke yake, akimenya maganda mabichi ya matunda ya mti wa jozi, yenye utomvu usiotoka. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo.

"Nimesikia kelele," akasema Bihi. "Nikajua mpwa wangu amefika. Kaa. Sikupi mkono, jozi haitoki."

"Mjomba, ule ukuta."

"Mbaya?"

"Mzuri. Sijawahi kuona mzuri kama ule."

"Basi wanagombea nini?"

Ijja akakaa juu ya gunia. Njiani alikuwa ametunga maneno ya kuzunguka: atasema mkaguzi mkuu ni mkali, atasema karatasi zimekwisha kupigwa muhuri mjini, na mjomba kwa kumhurumia atatoa jiwe lake bila kuuliza. Ingewezekana. Bihi alikuwa mtu wa kumfanyia mpwa wake lolote. Lakini mtu anayetoa jiwe bila kujua sababu atalirudisha mahali pengine, na bonde zima lilikuwa likijifunza kujenga kutoka mikononi mwake.

"Ule si ufa, mjomba. Umeachwa kusudi. Upande wenye tangi ni mzito, ule mwingine mwepesi. Ardhi ikitikisika, kila mmoja unacheza mwendo wake. Huu unakwenda, huu unarudi. Zinahitaji nafasi zisigongane."

"Na mimi nimezishikanisha. Si ndiyo nguvu? Watu wawili wakishikana mikono hawaanguki."

"Wakienda mwendo mmoja. Wakipishana, wanakigonga kilicho katikati. Jiwe halipindi. Linausukuma ukuta wa chumba, na nyuma ya ukuta ule pana kitanda cha kujifungulia."

Bihi aliendelea kumenya. Alimenya jozi moja, akachukua nyingine, kidole gumba kikasimama juu ya ganda lake.

"Na hilo lililo katikati lenyewe? Hata likiwa limejengwa vizuri?"

"Linabanwa."

"Likiwa jipya?"

Ijja akaona anakoelekea. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema uongo. Uongo ulikuwa hapo hapo, mwepesi, na ungemwacha mzee alale usiku.

"Hata likiwa jipya, mjomba."

Kuku wakapita uani. Bihi akaiweka jozi ile chini taratibu, bila kuimenya.

"Jiko," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Siku ile niliyopima."

"Na ukaniambia ni Mungu."

"Ni Mungu pia, mjomba. Hakuna aliyejua. Baba zetu wote waliziba vichochoro..."

"Nenda, Ijja."

"Mjomba..."

"Nimesema nenda, mwanangu. Niache."

Akaenda. Alishuka njia ya mawe akilia waziwazi kama mtoto, na waliomwona wakadhani ametukanwa, wakamwonea fahari mjomba. Kwenye zahanati alimkuta Mzee Abella ameketi kizingitini, akamwambia asimngoje Bihi, awaarifu wakubwa kwamba Alhamisi hapatakuwa na ufunguzi. Mamas alikuwa ndani akizikunja shuka mpya kuzirudisha kwenye mifuko yake, moja moja, na kila moja alikuwa akiinusa kwanza.

Ijja akaanza kuviweka vifaa vyake garini. Alikuwa na hasira na mawe, na mlima, na chuo kilichomfundisha kwa nini majengo huanguka kisimfundishe namna ya kumwambia mtu aliyemjengea mkewe. Kosa lingekuwa la uvivu, angesema. La wizi wa saruji, angesema kwa raha kabisa. Lakini hili lilikuwa la mapenzi matupu, na kanuni haikuwa na ukurasa wake.

Baada ya sala ya alasiri Bihi akatokea. Alikuwa amebeba nyundo na mtaimbo begani, na alikuwa amevaa joho lake jeupe la sikukuu, kama mtu anayekwenda mazikoni. Watu wakampisha. Abella akainuka.

Bihi akauendea ukuta wake. Akauwekea kiganja cheusi cha jozi, akausikiliza kidogo, ndipo akawageukia watu.

"Mlimjua Tlaitmas," akasema. "Nilimjengea jiko. Nilitaka asipate baridi. Nyumba mbili zilikuwa zinataka nafasi ya kutikisika, mimi nikaijaza, nikamweka yeye ndani yake." Akapumua. "Sasa Kabira naye asipate baridi. Mamas asipate baridi. Nikafanya vilevile."

Mwanamke mmoja akaanza kusema kwamba ni kudra, mzee usijitese, lakini Bihi akamkatiza kwa mkono.

"Kudra nimeipokea. Nimeipokea siku nyingi. Hili ni jambo la ujenzi, na ujenzi ni wangu."

Akaingiza ncha ya mtaimbo chini ya jiwe la juu. Lilikataa, maana lilipangwa na fundi, na fundi mwenyewe ikambidi ahangaike nalo jasho likimtoka, akiitafuta njia aliyokuwa ameiziba kwa ustadi wake wote. Lilipotoka hakulitupa. Alimkabidhi Abella, na Abella akalipokea kwa mikono miwili. La pili akampa mume wa Kabira. Baada ya hapo mikono ilikuwa mingi. Mawe yakapita kutoka mtu hadi mtu mpaka ng'ambo ya njia, bila wimbo safari hii. Mamas akatoka nje akafunga kanga yake kiunoni, akaingia kwenye mstari bila kumtazama Ijja, kisha akamtazama.

"Huo mpira wako uwe mnene," akasema. "Wagonjwa wangu si samaki."

"Nitaleta mnene, dada."

Jua lilipogusa kilele, mwanga ulipenya kati ya mafungu mawili ya zahanati kutoka upande hadi upande. Ijja akapima juu, katikati na chini, akapiga tochi kwenye kona akitafuta kokoto iliyosahaulika. Hakuna. Alipogeuka apate kumshukuru mjomba wake, alimkuta amesimama nyuma yake, nyundo bado mkononi.

"Utatia sahihi?"

"Natia sasa hivi."

"Tia. Kisha uje na hiyo tochi." Bihi alikuwa akiangalia chini, kijijini, kwenye nyumba mpya zilizokuwa zimeanza kuwasha taa. "Tangu tuanze kujenga upya, kila mtu ananiambia, Bihi, nizibie na mimi kichochoro. Kwa Abella nimeziba. Kwa mfuga nyuki nimeziba. Kwa mama yako nilimaliza juzi."

Asubuhi ile, kabla ya kupanda zahanati, Ijja alikuwa amekunywa chai kwa mama yake, ameegemea ukuta mpya, na alikuwa ameusifu kwa joto lake.

"Yuko ndani sasa hivi?" akauliza Bihi.

"Anapika."

Mzee akautia mtaimbo begani, akatangulia kuteremka. Ijja akamfuata mbio.