Falaji Isiyo na Namba

Rawya alimmiminia baba yake chai ya maziwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akabonyeza tena palepale palipomkataa jana. Kisanduku kwenye kompyuta kikawa chekundu. Chini yake maandishi madogo ya Kiingereza yalirudia ombi lao kwa adabu ileile: andika namba ya usajili ya mshirika.

"Bado?" aliuliza mzee Thabit.

"Bado, baba. Leo naifuata Nizwa, inshallah. Kunywa, inapoa."

Mzee alipokea kikombe. Alikuwa ameshakwenda shamba baada ya sala ya alfajiri na amerudi na viatu vikavu, kwa hiyo habari ya maji haikuhitaji kusemwa. Shamba lake liko mwisho wa Falaji ya Ghubayra, nje kidogo ya Al Hamra. Falaji, kwa asiyeijua, ni mfereji unaoanzia chini ya ardhi, mlimani, ukaja kuwagawia watu maji kwa zamu, shamba baada ya shamba, tangu zamani ambazo hakuna aliye hai wa kuzisimulia. Mvua kubwa za mwaka juzi ziliporomosha sehemu ya handaki. Wa juu bado wanapata maji. Wa chini wanapata tope, na siku nyingine hata hilo hawalipati.

Mzee Thabit alizaliwa Tabora, akaja Oman kijana, akaajiriwa, akastaafu, na kiinua mgongo chake akakitia kwenye mitende ya hapo na zamu yake ya maji. Ilichukua miaka mingi watu wa falaji kuacha kumwita "yule Mswahili aliyenunua kule chini". Sasa kwa kuwa wameshamzoea, makuti yanakauka.

Ndipo ulipokuja mradi. Dokta Pilar, mwalimu wa chuo kimoja cha Hispania, alifika Al Hamra kupiga picha, akasema milimani kwao ipo mifereji kama hii, na Tanzania kule Upare ipo pia, na Ulaya kuna mfuko unaotoa fedha kwa maeneo ya nchi mbalimbali yakishirikiana. Pande tatu, ombi moja. Rawya, mwenye shahada ya mazingira na miaka miwili ya kutafuta kazi, aliandika upande wote wa Oman bila kulipwa. Aliandika historia, akachora ramani, akaeleza zamu zinavyohesabiwa. Hata aya ya jinsia aliiandika, na hiyo ndiyo waliyoisifu kuliko zote. Mradi ukipita, handaki litajengwa upya kwa mawe na chokaa kama lilivyokuwa, na yeye atakuwa mratibu mwenye mshahara.

Wazungu wa miradi ni watu wa heshima mno. Hawakwambii hapana, wanakuomba hati nyingine. Wapare walikuwa na chama chenye cheti, wakapita. Chuo kilikuwa chuo, kikapita. Falaji ya Ghubayra ina wakili wa kuisimamia, ina karani, ina mitende yake yenyewe ambayo tende zake hunadiwa kila msimu kulipia usafi, ina wazee wa kukata ugomvi. Ina kila kitu kampuni ilicho nacho, ila namba. Na lango la maombi lilikuwa linafungwa magharibi ya siku hiyo, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ofisi zikifungwa mchana hazifunguliwi tena mpaka Jumapili.

Kwenye ofisi ya maji ya serikali, Nizwa, kiyoyozi kilikuwa kikali, watu wamejifunga shali vichwani. Karani aliyemwita dirishani alikuwa kijana wa rika lake. Kibao kifuani kilisema Yazeed. Alianza kwa Kiarabu, akaona jina la ukoo kwenye kitambulisho, akatabasamu na kugeukia lugha ya nyumbani.

"Nyinyi wa bara? Bibi yangu wa Unguja. Mimi Kiswahili changu kidogo kidogo."

"Kinatosha, kaka. Nataka cheti tu kwamba falaji yetu ipo na inasimamiwa na wakili. Chenye namba."

Yazeed aliandika, akangoja, akaandika tena.

"Dada, hii falaji iko. Mimi najua iko, bibi alikuwa ananipeleka kule kuogelea. Lakini kwa sistimu haiko."

"Haipo vipi na nyinyi ndio mlioipima? Kibao chenu kimesimama pale kwenye mdomo wa maji."

"Iko kama maji. Haiko kama... nini wanasema... shirika. Kampuni, wale upande mwingine. Jumuiya, wale upande mwingine tena, na wao sharti wanachama, katiba, na kibali. Wakfu, wizara nyingine." Akashusha sauti. "Na ukisema pesa ya nje, wallahi, watakuuliza kibali kingine kwanza."

"Sasa mimi niende wapi?"

"Weka ombi kwa sistimu. Utajibiwa."

"Lini?"

"Inshallah."

Alimpa pole ya kweli, na kipande cha karatasi chenye namba. Rawya aliitazama namba ile kwa tamaa sekunde moja kabla hajasoma juu yake: ni namba ya malalamiko. Aliikunja karatasi, akatoka.

Simu ya Khelef, wakili wa falaji, ilimkuta kwenye gari, usukani ukiwa wa moto haushikiki.

"Shikamoo, ami Khelef."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi? Hebu wache hao wa ofisini, hawana la kukupa. Mie nishalimaliza. Jana tulikuwa kwa Mahrous, wa Firq, tunakunywa kahawa, nikamweleza. Kasema yeye ana kampuni, ana namba, ana muhuri, tuchukue. Mtu kheri sana yule."

"Mahrous mkandarasi? Kwa sharti gani?"

"Sharti! Kwani tunanunua nyumba? Kasema, nami nishampa kauli mbele ya watu. Nenda, barua iko tayari."

Mahrous alizaliwa Bujumbura, na ana duka la vifaa vya ujenzi lililoshika nusu ya mtaa pale Firq, kati ya gereji na mafundi wa alumini. Alimpokea Rawya vizuri, hilo asisingiziwe. Aliagiza halua, akamimina kahawa mwenyewe, akauliza hali ya mzee Thabit na magoti yake. Barua ya kampuni kukubali kuwa mshirika ilikuwa mezani, imeshachapwa, muhuri wa buluu umeshakauka.

"Ami Khelef kaniambia utatuazima namba," alisema Rawya.

"Kuazima?" Mahrous alicheka kidogo. "Namba si ngazi, binti Thabit, uichukue kwa jirani uirudishe jioni. Namba ikiingia, kampuni imeingia. Hela zikija zinakuja kwangu. Zikipotea naulizwa mimi. Au siyo?"

Ilikuwa ndiyo, na Rawya alijua ni ndiyo, maana kanuni zote alikuwa amezisoma yeye.

"Sasa nisikilize. Nishakwenda kulitazama lile handaki. Mawe na chokaa ni mambo ya kupigia picha. Sisi tutatia bomba. Kuanzia juu mpaka chini, bomba moja, na valvu ya kufungia na kufungulia."

"Valvu itashikwa na nani?"

"Na mwenye kuwajibika."

Rawya alikiweka kikombe chini. Kwenye mfereji wa wazi maji yanapita mbele ya macho ya watu. Jirani akikuibia zamu, mwanawe mwenyewe atakuja kukwambia. Ndani ya bomba hakuna anayeona kitu, na wa chini atajua kiu yake tu, hatajua nani aliyemfungia.

"Ami, ombi zima linasema kuhifadhi. Tumeandika mawe. Tumeandika zamu, ukurasa kwa ukurasa."

"Na yabaki hivyo hivyo, usifute hata neno. Karatasi ni ya Wazungu, handaki ni letu." Akamwongezea kahawa. "Na jambo jingine dogo. Binti yangu Shurooq kamaliza chuo, yuko nyumbani anazeeka na simu. Mratibu awe yeye. Wewe utamsaidia, mashallah, una uzoefu."

Rawya alisikia masikio yakipata moto. "Mimi hilo bomba silitaki. Watu wa chini watakauka."

Mahrous hakukasirika. Alimtazama kama baba anayemtazama mtoto aliyefumwa na kitu mfukoni.

"Bomba ndilo hulitaki," aliuliza taratibu, "au Shurooq ndiye humtaki?"

Jibu la kweli lilikuwa yote mawili, na ndilo jibu asiloweza kulitoa. Tangu swali lile liulizwe, kila neno atakalosema juu ya maji litasikika ni juu ya mshahara. Hata yeye mwenyewe alianza kulisikia hivyo. Je, angeletewa bomba hilohilo na yeye akabaki mratibu, angepiga kelele? Hakuwa na hakika. Aliona aibu, kisha akakasirika kwa kuona aibu, na vyote viwili akavimeza pamoja na halua. Mahrous aliponyanyua birika tena, alitikisa kikombe kuonyesha imetosha, akachukua barua, akaaga.

Kwenye gari alimpigia Khelef kwanza. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Bomba hakulitaja mbele yangu."

"Basi mrudie, ami. Mwambie hatukuafikiana hivyo."

"Nimrudie vipi? Nishampa kauli, watu wamesikia, kahawa yake tumekunywa. Niwe mtu wa kusema leo hivi na kesho vile, kwa umri huu? Bas, mwanangu, tuma. Mengine tutayazungumza yakifika."

Ujumbe wa Dokta Pilar, ambaye Rawya alimwandikia kabla ya kuingia kwa Mahrous, ulikuwa unamngoja. Alisema amefurahi sana kusikia wamepata kampuni, kampuni ni rahisi zaidi, mfumo unazipenda. Akaongeza kwamba bila Oman pande zinabaki mbili na ombi zima linaanguka, la Wapare pia. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli tu, na Rawya akawafikiria watu wa Upare ambao hajawahi kuwaona, nao wanangoja.

Alimpigia baba yake. Alimweleza bomba, valvu, na Shurooq, kila kitu, akitumaini atasikia mtu mmoja akisema usikubali.

"Mratibu ulikuwa wewe," alisema mzee Thabit.

"Achana na hilo, baba. Unasemaje kuhusu maji?"

"Mwanangu, mimi nataka yafike. Yakija na bomba, yakija na ndoo, yafike. Mitende haiwezi kungoja sisi tuwe sawa na serikali."

Aliingia mkahawa mmoja wa chai karibu na gereji, akafungua kompyuta juu ya meza iliyokuwa inanata sukari. Akaandika jina la kampuni ya Mahrous. Akaandika namba. Kisanduku kilichomkatalia mwezi mzima kikageuka kijani kabla hajaondoa kidole, na mfumo ukamshukuru. Palipoandikwa mratibu alifuta jina lake na kuandika la Shurooq, akalihakikisha herufi kwa herufi, maana kukosea hapo kungeonekana ni makusudi. Jina la falaji halikuwa na pa kukaa tena kwenye safu ya washirika. Alilihamishia kwenye safu ya mwisho, ile ya mahali kazi itakapofanyika, wanapoandika mji na wilaya.

Kilibaki kiapo. Mfumo ulimtaka athibitishe kwamba mshirika huyu anawawakilisha wakaazi watakaonufaika, na kwamba wameshirikishwa. Alikisoma mara mbili. Nje fundi alikuwa anagonga bati, na mwadhini alikuwa bado hajaadhini. Angeweza kuifunga kompyuta, akarudi nyumbani, akasema mtandao ulikatika, na hakuna ambaye angemlaumu. Akatia alama ya vyema, akatuma.

Hazikupita dakika nyingi kundi la simu la Ghubayra lilianza kutikisika. Khelef alikuwa ametangaza. Pongezi za mabruki zilimiminika, maua, mikono ya dua, mtu mmoja hadi shairi. Zote zilikuwa za Mahrous. Allah amzidishie, amewakumbuka watu wake. Mahrous alijibu kwa unyenyekevu kwamba hili ni la wote. Rawya alisubiri kidogo, naye akaweka mkono wa dua, kwa sababu kutouweka kungeonekana.

Simu ikalia. Alikuwa baba yake, na nyuma yake ilisikika sauti ya mama akiuliza.

"Umetuma?"

"Nimetuma, baba."

"Wamepokea?"

"Wamepokea. Wameshaleta barua ya kushukuru."

"Na jina la falaji? Limo? Ghubayra imeandikwa huko Ulaya?"

Rawya aliitazama safu ya mwisho. "Limo, baba."

"Alhamdulillahi," alisema mzee Thabit, na sauti yake ikabadilika kwa furaha. Kisha akageuka upande wa chumba, na Rawya akamsikia akimwambia mama yake kwa sauti ya juu: "Limo! Wametutambua!"