Kaburi la Margwe

Margwe alikuwa amelala ndani tangu jana, maiti, na hakuna jirani aliyeshika sururu. Katika kijiji cha Masieda mtu akifa, wanaume huja na majembe bila kuitwa. Safari hii Philemon, mzee wa kanisa, aliwatangulia. Alipita nyumba kwa nyumba akionya: mpagani aliyekataa ubatizo hadi pumzi ya mwisho, Mkristo asimchimbie kaburi. Basi wanaume wakasimama kando ya zizi, wamejifunika shuka, macho chini.

Rogathe aliomba alfajiri kama kawaida yake. Alipoinuka magotini, hasira ilikuwa palepale. Akabeba sururu ya marehemu mumewe, akaingia uani kwa Margwe, akampita Philemon kama anapita kisiki.

"Hata shikamoo hakuna?" Philemon akauliza.

"Nimempa Margwe."

Mwanamke hachimbi kaburi. Rogathe alilijua hilo, na bado akapiga ardhi chini ya migomba, pale palipochorwa alama na Oliva, binti wa Margwe, aliyelia mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, hilo si tuta la viazi!" mmoja wa wale wanaume akamtania. Wengine wakacheka puani.

"Njoo unifundishe, mwanaume wewe." Kicheko kikakatika.

Philemon akasogea. "Rogathe, bila kanisa ungejuaje jema na baya?"

"Mama yako alizikwa masika. Sisi waumini tulikuwa ndani tunaimba, tunaogopa matope. Nani alikuwa shimoni, maji kiunoni?"

Philemon akakunja uso. "Ile ilikuwa kazi ya mwili tu. Haiokoi mtu."

"Sijasema imemwokoa. Nimekuuliza nani alikuwa shimoni."

Wanaume wakatazamana, lakini hakuna aliyesogea.

"Nimesali miaka yote," Rogathe akasema, akihema. "Kwako nimejifunza nani asizikwe. Kuzika watu nilijifunza kwa huyu mpagani."

"Umekufuru! Jumapili usikanyage mezani pa Bwana. Nitakutangaza mbele ya watu wote."

"Tangaza. Mungu nitaongea naye mwenyewe, ananijua sauti."

Akainua sururu, kisha akaishusha bila kupiga. Viatu vya Philemon, vilivyong'aa kwa kiwi, vilikuwa vimekanyaga ndani ya alama ya kaburi, upande wa chini.

"Toka hapo," akasema. "Umesimama kwenye miguu ya Margwe."