Mstari wa Njano kwenye Nati

Nati ilizunguka kwa vidole. Harlan Tostrud alikuwa amelala chali juu ya kipande cha zulia kuukuu, chini ya pua ya trela lake la kusafiria, na kwa muda hakuelewa vidole vyake vinamwambia nini. Akairudisha nati, akaizungusha tena. Ikafunguka bila spana, kama kifuniko cha chupa ya jemu.

Kulegea si ajabu, nati hulegea. Kilichomchanganya ni ule mstari wa njano. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye karakana ya kaunti, akitengeneza malori ya kusukuma theluji, Harlan alikuwa na desturi isiyovunjwa: ukishakaza nati kwa spana ya kupimia, ile inayolia "ta" ikifika kipimo chake, unapaka mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Nati ikijizungusha baadaye, mstari unakatika, na yeyote mwenye tochi ataona. Mstari huu haukukatika. Ulikuwa umenyooka vizuri kabisa. Basi aliyeupaka aliupaka juu ya nati ambayo hakuikaza.

Na katika nyumba ile aliyekuwa akipaka mistari ya njano ni mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala chini ya trela akiitazama.

Akagusa nati ya pili ya mbele. Imelegea. Akajiburuta mpaka kwenye mbili za nyuma. Nazo zilikuwa na mistari yake, nazo zikazunguka.

Kisa cha nati hizo kilianza majira ya kuchipua, waliporudi kutoka Arizona, ambako yeye na mkewe Arlys hukimbilia kila mwaka Minnesota inapoganda. Kichwa cha trela, kile cha chuma kinachofunika tufe la kukokotea nyuma ya pikapu, kilikuwa kimefungwa kwa bolti kwenye fremu ya alumini, na matundu ya bolti yalikuwa yametanuka. Kando ya moja kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Harlan ungejengwa katikati ya barabara kuu, mkewe akiwa kiti cha pembeni. Kwa hiyo mwezi wa nane alitia mabamba mazito ya alumini pande zote mbili, akaweka bolti ndefu zaidi na vipande vya plastiki kati ya chuma na alumini, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana na chumvi ya barabarani hulana polepole.

Mabamba aliyakumbuka. Kutoboa alikukumbuka, na vumbi lake jeupe lililomwingia sikioni. Kukaza je? Alitafuta kichwani akakuta kikombe cha kahawa, maumivu ya mgongo, na baada ya hapo hakukuta kitu.

Akaogopa. Kaka yake Milo alianza hivi hivi, kwa vitu vidogo. Miwani ndani ya friji, mbwa akalishwa mara tatu asubuhi moja. Alimaliza siku zake katika nyumba ya wazee, akimwita Harlan "mchungaji" na kumwomba amsalimie mama yao.

"Umelala au unafanya kazi?" Viatu vya Duane Pietsch, jirani, vilikuwa vimesimama kando ya gurudumu.

"Nafikiri."

"Chini ya trela? Mimi hufikiria chooni, kuna joto." Duane akatazama mawingu kama ilivyo ada kabla ya neno lolote la maana. "Wanasema theluji Alhamisi. Ningekuwa wewe, hicho kichwa ningekichomelea tu, nimalize."

"Chuma na alumini hazichomelewi pamoja, Duane. Nakwambia tangu Pasaka."

"Basi na mimi nasahau tangu Pasaka."

Harlan hakucheka. "Hukugusa kitu hapa, wewe?"

"Niguse nini, bwana? Nilipogusa mashine yako ya nyasi ulinisema mpaka Krismasi."

"Mwezi wa nane uliniona nikikaza hizi?"

Duane alifikiri kwa haki. "Nilikuona umeshika spana. Kama ulikuwa unakaza au unaiangalia tu, hapo siwezi kuapa."

Jibu hilo halikusaidia hata chembe. Duane alisema acha aende, akasimama akaeleza habari za goti la shemeji yake, akasema tena acha aende, akaegemea pikapu, na mwishowe akaenda kweli.

Mchana Arlys alipasha moto kiporo cha nyama ya kusaga na viazi. Mapazia ya trela alikuwa ameshayafua, na chakula cha njiani kilikuwa tayari kwenye maboksi. Harlan alikula vijiko vichache, akaacha.

"Hatuendi mwaka huu," alisema.

"Kwa theluji ya Alhamisi? Tutaondoka Jumatano."

"Si theluji. Ni kichwa."

"Si ulishakiimarisha?"

"Kichwa changu, mama." Akamweleza yote: nati zilizolegea, mistari iliyonyooka, na Milo. Hakuwa mtu wa kueleza. "Nimepaka rangi juu ya kazi ambayo sikuifanya. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Mtu wa namna hiyo hastahili kukokota kitu barabarani."

Arlys aliweka uma chini. Shingo ikamwiva kwa wekundu mpaka masikioni.

"Za mbele nilipaka mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nilikuwa naosha trela. Wewe uko kitandani na mgongo wako, unaguna. Nikaona za mbele hazina mstari. Nikasema maskini, mzee wangu kasahau rangi tu. Akijua, atarudi kulala kwenye saruji. Nikachukua kopo lako nikapaka. Nilidhani rangi ndiyo kazi iliyobaki."

Harlan alimtazama. Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni, kikamtoa machozi. Miaka arobaini na kitu ya ndoa, na mwanamke huyu alidhani mstari ni pambo. Arlys naye akacheka, akimpiga begani kwa taulo la jikoni na kumwambia fundi gani anaacha kopo la rangi wazi. Wakanywa kahawa ya pili. Kipande cha mwisho cha keki wakakikata nusu, na nusu nayo wakaikata, maana hakuna aliyekubali kukimaliza.

Harlan alikuwa ameshika kisu alipozikumbuka zile za nyuma.

"Ulipaka za mbele tu?"

"Za mbele tu. Za nyuma zilikuwa na mistari yako tayari, ndizo nilizoiga. Sikuzigusa."

Angeweza kunyamaza. Kukaza nati nne ni kazi ndogo. Angezikaza, angepaka, na Jumatano wangekuwa barabarani. Hakuna ambaye angejua. Arlys alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko, amependeza kama siku za zamani, na Harlan alitamani mno kumwacha hivyo. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hiki kingewabeba wote wawili.

"Za nyuma pia zilikuwa zimelegea, Arlys."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Alikusanya makombo ya keki mezani kwa ukingo wa kiganja, yote, hata pale ambapo hapakuwa na makombo.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari," alisema. "Theluji ikitukuta, itukute."

"Na trela?"

"Trela tunalikaza sasa hivi. Vaa koti."

Walilala chini wawili, bega kwa bega juu ya zulia lile kuukuu, Arlys akiwa na tochi na kopo la rangi. Harlan aliweka spana kwenye nati ya kwanza, akavuta mpaka ikalia "ta". Akasubiri. Brashi haikusogea.

"Ilishalia," alisema.

"Rudia," Arlys alimwambia. "Kuanzia leo sipaki mpaka nisikie na mimi."

Akarudia. Ikalia, naye Arlys akapaka mstari, umepinda kidogo, na Harlan hakumsahihisha.