Udongo wa Dukani

Nuru ya Machi huko Flandria, kaskazini mwa Ubelgiji, haichomi wala haipozi. Hujilaza juu ya tope la mto, ikapanda ukuta wa matofali taratibu, ikamfikia Godelieve bustanini amepiga magoti. Nuru iliyochakaa, kama ya mtu aliyeamka bila kulala. Naye alikuwa vivyo hivyo.

Alichoka. Alichoka kwa magunia ya udongo aliyoyaburura kutoka barabarani, alichoka kwa kuinama, na zaidi alichoka kwa kazi yenyewe aliyokuwa akiifanya: kung'oa.

Maana kervel ilikuwa imeota tena. Kervel, nduguye kotimiri, jani laini kama unyoya wa kifaranga, ambalo kila nyumba ya huko hulipikia supu majira ya machipuko yakiingia. Hakuipanda. Ilijipanda yenyewe, mwaka nenda mwaka rudi, tangu bintiye wa pekee, Annelien, alipokuwa akitambaa kati ya matuta akijitia majani kinywani, na mama akicheka, akisema kula, mwanangu, kula, hiyo ni dawa.

Kumbe haikuwa dawa.

Majani yalipopukutika mwaka uliopita, walikuja watu wenye glavu. Wakachota udongo, wakatoa na damu za watu. Kisha wakakiita kijiji kizima ukumbini, wakasema kwa upole kwamba kiwanda cha ng'ambo ya mto kilivujisha sumu isiyooza. Imo ardhini, imo mayaini, imo mbogani. Msile tena cha bustani. Imo na ndani yenu. Ndani ya Godelieve ilikuwamo nyingi. Ndani ya Annelien, aliyekwisha olewa na kuhamia mjini Ghent, ilikuwamo pia, na Annelien alikuwa na mimba changa.

Mzee Firmin, jirani yao, alisema kuku wake sasa ni wastaafu: wanataga, mayai yanakwenda pipani, wao wanaota jua. Watu wakacheka, kwa kuwa kulia kulikwisha wachosha.

Tangu siku ile Annelien hakula mezani kwa mamake. Alikuja kila Jumamosi, akambusu mashavuni, akakaa, akafungua kopo la chakula alilotoka nalo mjini. Hakueleza. Mama naye hakuuliza. Lakini kila kifuniko cha kopo kilipofunguka, Godelieve aliyageuzia macho yake dirishani.

Basi aling'oa. Aling'oa kervel, aling'oa nanaa, aling'oa zaatari aliyoiotesha marehemu mumewe. Akayatia majani hayo mifukoni kama alivyoagizwa, akaifunga mifuko. Wiki ikipita, kervel hiyo, imechungulia tena, mbichi, nzuri, isiyo na hatia. Akainama tena. Wewe jani, alinong'ona, hukuwa na habari, na mimi sikuwa na habari, tusameheane.

Kisha akapanga masanduku ya mbao juu ya plastiki, akayajaza udongo wa dukani, akamwaga mbegu za dukani, akayanyweshea maji ya bomba. Mvua ya mawe ikanyesha, akafunika. Konokono wakaja, akawaokota kwa vidole. Alichoka, akanyweshea, alichoka, akapalilia. Na siku moja ya Aprili, siku ambayo mgongo ulikataa katakata kunyooka, alikata fungu la kwanza, la kutosha chungu kimoja.

Jumamosi hiyo aliandaa mabakuli mawili. Supu ya kijani, viazi vimepondewa humo humo, mvuke ukipanda. Annelien aliitazama, mkono mmoja tumboni, mwingine juu ya kopo lake.

"Udongo wa wapi, mama?"

"Wa dukani. Na maji ya bomba."

Supu ikaanza kushika utando.

"Si wewe," Annelien akasema. "Ni mkono tu. Unakataa."

"Najua. Usijilazimishe."

Godelieve akadhani yamekwisha, akataka kuliondoa bakuli. Ndipo binti akatoa lile alilolibeba majira yote ya baridi.

"Akizaliwa, nimnyonyeshe, nayo sumu hupita maziwani? Daktari anasema ninyonyeshe, maziwa yana heri kuliko hofu. Namwamini. Lakini nikitoka mlangoni pake, hofu naikuta inaningoja pale pale."

Godelieve aliitazama mikono yake. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole, na hakujua tena ni upi wa dukani na upi wa nyumbani. Akatamani awe na jibu la mama, lile linalotoka kabla ya swali kwisha.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi nilikunyonyesha bila kujua, kwa raha zangu zote. Wewe utamnyonyesha huku unajua. Mzigo wako ni mzito kuliko wangu, nami siwezi kukupokea."

Annelien akalia, yeye asiyelia ovyo. Mama hakumkimbilia, hakumnyamazisha. Alikaa naye tu, bega kwa bega, kama wakaavyo watu waliotoka kwenye kazi moja. Nje, wale kuku wastaafu wa Firmin waliimba yai jingine la pipani.

Kisha, pasipo kuambiwa, Annelien akalivuta bakuli. Supu ilikwisha poa. Akachota kijiko kimoja, akakiweka kinywani, akakaa nacho muda mrefu. Akameza.

"Chumvi haijatosha, mama."

Godelieve akashika ukingo wa meza, akajiinua polepole, magoti yakilia, mgongo ukilalama, akaenda kabatini kufuata chumvi.