Gia ya Mama Cornelia

Vitus alikuwa amechoka hadi kope zinamuuma. Tangu asubuhi, pale karakana ya Milanzi, alichora kwenye kompyuta gia ya mashine ya kukamua alizeti, na sasa mashine ya karakana ilikuwa inachonga chuma cha mwisho walichobaki nacho. Mama Cornelia, mwenye gia, alikaa juu ya ndoo akisubiri, ile gia mbovu mapajani.

"Mwanangu, unasinzia kama kuku mwenye kideri!"

Vitus akacheka, akaitazama ile gia. Meno yamelika upande mmoja. Hapo akagundua kosa lake. Aliyapima vilevile yalivyolika, akayachora vilevile. Hapa anamchongea mama wa watu ubovu mpya kabisa.

Akinyamaza, mama ataondoka anashukuru, halafu msimu wa alizeti utamkuta kijijini kwake Kate na mashine imekufa.

Akabonyeza kitufe chekundu, mashine ikasimama.

"Umeme umekatika?"

"Hapana, mama. Nimekosea mimi, nimechora meno yaliyolika. Bahati nzuri mashine haijayafikia, chuma bado kinafaa. Ila naanza upya."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka jioni."

Mama Cornelia akashusha pumzi, akamsogezea chupa ya togwa. "Kunywa, we mzembe. Ukisinzia tena nakumwagia."

Vitus akanywa, akavuta kiti, akaanza kuyafuta meno kwenye kompyuta.