Theluji Iliyonuka Samaki

Nilikuwa mbele ya Kidato cha Pili, shuleni kwetu Hasamba, nikieleza jinsi theluji ya milimani inavyolisha mito, Tumaini alipoinua mkono. Tumaini ni binti wa mkulima wa kahawa, na akiinua mkono, mwalimu ujiandae.

"Mwalimu Ipyana, wewe theluji umeiona?"

"Kwenye picha."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, lakini swali lile halikunitoka kichwani hadi jioni. Huu ni mwaka wangu wa tisa kufundisha Jiografia. Kila mwaka nasema joto likipanda theluji inayeyuka na mto unajaa, na kila mwaka wanafunzi wanaandika, wanafunga daftari, basi.

Ijumaa mchana nikashuka Tunduma kwa Watson, Mzambia anayeuza samaki karibu na mpaka. Nikamwomba barafu ya kusaga, ile anayowafunikia sato wake.

"Mukwai, mwalimu," akasema, kwa ile heshima yao ya Kibemba, "una harusi?"

"Nina mlima."

Alinitazama kidogo, kisha akanijazia deli, lile sanduku la kutunzia baridi, hadi kifuniko kikakataa kufunga. Nilipofika nyumbani nililizungushia maganda makavu ya kahawa lisipate joto, na asubuhi barafu nyingi ilikuwa bado imo.

Ilikuwa Julai, na Julai ya kwetu baridi yake haina utani. Wanafunzi wa bweni, kama nilivyowaagiza, walishaujenga mlima wa udongo nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo jua hupiga mchana kutwa. Tuliufunika nailoni nyeusi ili udongo usinywe maji, tukaumwagia barafu yote kileleni na mabegani, na chini tukatega mwanzi uliopasuliwa uwe mto unaoingia kwenye ndoo. Ulipendeza. Ila ulinuka samaki, na kabla hatujamaliza kuushangilia paka wawili wa jikoni walikuwa wameshaupanda, wanaulamba.

"Wapanda mlima hao!" Tumaini akapiga kelele, akiwafukuza kwa daftari.

Mpango ulikuwa hivi: kila saa tusome kipimajoto, kisha tupime kwa kopo la nusu lita maji yaliyoingia kwenye ndoo. Kabla ya kuanza nikawauliza, mto utajaa zaidi saa ngapi?

"Saa nane!" wakajibu kwa pamoja. "Ndipo jua linapokuwa kali kuliko wakati wote."

Na mimi moyoni nilisema saa nane.

Roda, mpishi wetu, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Ni mtu wa Ivuna, kule kwenye joto karibu na Ziwa Rukwa, na tangu ahamie huku juu hajawahi kuonekana amevaa sweta moja, huvaa mawili.

"Saa sita," akasema, bila kuinua macho.

"Mama Roda, saa sita jua bado halijakolea," Tumaini akamwambia.

"Nimesema, mwanangu."

"Basi ukishinda tutakuoshea masufuria yote ya ugali leo."

"Na lile kubwa?"

"Na lile kubwa!"

Tukaanza. Saa nne kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tano, tukapata kopo moja. Saa tano nyuzi kumi na nane, makopo mawili na nusu. Saa sita nyuzi ishirini na moja, makopo manne, na mwanzi ulikuwa unaimba kweli kama kijito. Wanafunzi walirukaruka.

"Bado!" Tumaini akasema. "Joto linapanda. Subirini muone."

Saa saba joto lilifika nyuzi ishirini na tatu. Makopo matatu.

Tumaini akaukagua mwanzi mzima, akapapasa nailoni kutafuta tundu, akawakodolea macho wale paka kana kwamba wangekiri. Hakuna kilichovuja. Saa nane jua liliwaka hasa, nyuzi ishirini na nne, hata Roda akavua sweta moja. Tulipopima tukapata kopo moja tu. Nailoni nyeusi ilikuwa wazi karibu yote. Barafu ilibaki kiraka kidogo upande wa kivuli.

Wote wakanigeukia mimi. Nikamgeukia Roda.

"Mama, ulijuaje?"

Aliona haya. Akajifuta mikono kwenye kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaja kusimama mbele ya wanafunzi.

"Kwetu bibi yangu alikuwa anachemsha maji ya chumvi," akaanza kwa sauti ndogo. "Asubuhi moto bado mdogo, mvuke kidogo. Moto ukishika, mvuke unafunika nyumba nzima. Halafu unakuja wakati moto ni mkali kupita kiasi, lakini mvuke hamna. Maji yameisha, kwenye sufuria imebaki chumvi. Sasa hapa nikasema, jua linaweza kuzidi, lakini theluji ikishapungua, litayeyusha nini?"

Nikaona Tumaini anaandika haraka haraka. Kisha akainua uso.

"Kwa hiyo, mwalimu, ulitufundisha nusu."

"Nusu kamili," nikakiri. "Joto likipanda mto unajaa, lakini mpaka pale theluji inapopungua. Baada ya hapo joto linapanda na mto unashuka."

"Na mlima wa kweli theluji yake ikizidi kupungua mwaka hadi mwaka," Tumaini akasema polepole, "mto unajaa mapema, halafu wakati wa jua kali wanaokaa chini wanabaki na ndoo tupu."

"Wakulima wa mpunga," Roda akadakia. "Hao ndio watakaolia."

Jioni ile Kidato cha Pili kizima kilikuwa bombani, mikono kwenye majivu na masizi, wakibishana kama baridi inaweza kuirudisha theluji, na Roda amekaa kwenye kigoda anawaonyesha palipobaki ukoko.

Siku hizi, Alhamisi nikiwa na kipindi, Roda huja na beseni lake la mboga na kukaa karibu na dirisha la darasa. Wiki iliyopita aliinua mkono.